Kisa cha kibanda cha gemu Chang'ombe: PS4 mbili, TV za chogo na ubishi wa "gemu kali"

Jamaa ana fremu ya gemu Chang'ombe, hii ya Dodoma siyo ile ya Dar, na kwa muda mrefu alikuwa na PS2 nne (PlayStation 2, mashine za gemu za Sony) zimefungwa kwenye TV za chogo, mechi moja mia mbili, anayefungwa analipa na anampisha mwenzie. Biashara ilikuwa inatembea kimya kimya. Sasa akaangalia mji unavyopanuka, watumishi wamehamia, wanachuo wamepanga karibu kila nyumba, alafu kila kijana ana simu yenye gemu ya mpira humo humo ndani tena bure, akajiambia hawa watu hawawezi kuendelea kunipa hela ili waje wamtazame Adriano wa Inter wa 2006, kwenye gemu ya mpira ya kizamani, mwenye uso wa kinyago. Hela ya kikoba ilipotoka akauza PS2 mbili, akachukua PS4 mbili za mtumba, flati mbili za inchi 43, na CD za gemu ambazo kila mtu anazisifia: toleo jipya la mpira lenye leseni nyingi za ligi na viwanja, Red Dead Redemption 2, God of War ile ya 2018 na Mortal Kombat 11. Bei akapandisha, mechi jero, au buku jero kwa saa. Nje akaning'iniza bango lenye picha ya Kratos, yule shujaa wa God of War, na shoka lake.

Mwanzoni palijaa mpaka nje. Watoto wanachungulia dirishani, bodaboda wanapaki wanaingia na helmeti kichwani, yani jamaa mwenyewe akaanza kuongelea fremu ya pili. Lakini baada ya muda akagundua kitu cha ajabu, watu wamejaa upande wa PS4 ila hela inatoka upande wa PS2. Kwenye PS4 watu wamesimama wanaangalia, kwenye zile PS2 mbili zilizobaki kuna foleni na watu wanagombana nani yuko zamu. Ikaja siku PS4 moja inashinda mchana kutwa ipo kwenye menyu inapiga muziki wake peke yake.

Mi kazi yangu ni kufungua hizi mashine, kusafisha vumbi, kubadilisha pasta ya prosesa, kurekebisha pedi. Akaniita akiamini kauziwa PS4 mbovu, maana wateja walikuwa wanamwambia "bro, gemu yako inachelewa". Nikafungua, nikasafisha (vumbi la Dodoma kipindi cha upepo linaingia kwenye feni mpaka unatoa kitu kama sufi), nikarudisha. Mashine nzima, haina tatizo. Na bado wanasema inachelewa.

Hapo ndipo ubishi ukawa mkubwa pale kibandani na ndiyo sababu ya mimi kuandika hiki kisa kirefu. Kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya wakongwe, wengi bodaboda na mafundi, wanasema gemu ni PES ya zamani, ile ya mpira ya Konami kwenye PS2, haya mengine ni muvi umepewa pedi uishikilie. Kambi ya wanachuo wanasema nyie mmezoea tu vitu vya kale, mikono yenu imeganda 2006, gemu iliyotengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mitano haiwezi kuwa sawa na kitu ambacho nyasi zake ni kapeti la kijani. Kila kambi ilikuwa na robo ya ukweli na kelele robo tatu.

Tuanze na hiyo hela ya kutengeneza kwanza, maana watu wanaitaja bila kujua inaenda wapi. Mwaka 2023 kwenye kesi ya serikali ya Marekani na Microsoft kuhusu kuinunua kampuni ya gemu ya Activision, nyaraka za Sony zilitoka zikiwa zimefichwa vibaya, wino haukufunika vizuri, watu wakasoma kwamba gemu ya The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220 na Horizon Forbidden West kama dola milioni 212. Sehemu kubwa ya hela ya gemu kama hizo ni mishahara ya watu kwa miaka mingi: wanaochonga uso, wanaochora jani, waigizaji wanaovalishwa nguo za vitambuzi ili mwendo wao uingie kwenye kompyuta, wanaorekodi sauti za nyayo juu ya mchanga, juu ya mbao, juu ya theluji. Ni kazi ya kweli na inaonekana. Mtu akisema grafiksi hazina maana huwa nahisi hajakaa akaangalia.

Ila angalia neno lenyewe, inaonekana. Pale kibandani kuna watu wa aina mbili, anayeona na anayeshika. Waliosimama nyuma walikuwa wanafaidi kila senti ya hizo milioni 220, tena bure. Aliyeshika pedi alikuwa anataka kitu kingine kabisa, akibonyeza basi mchezaji apige, sasa hivi, maana akifungwa analipa jero.

Kwaiyo tukafanya jaribio dogo ambalo lilimaliza nusu ya ubishi. Nikamwambia jamaa chukua PS2 moja toa kwenye chogo, chomeka kwenye flati, usimwambie mtu, waache wacheze PES yao ileile wanayoipenda. Haikupita muda dereva mmoja wa boda, ambaye ndiye bingwa wa pale na mdomo anao, akaanza kulalamika: pasi zinatoka zimechelewa, kipa anaruka mpira umeshaingia, hii PS2 umeibadilisha? Mashine ni ileile, pedi ileile, gemu ileile. Kilichobadilika ni TV.

Hiki kitu wengi hawakijui na wauzaji wa TV hawakuambii. TV ya chogo inachora picha mstari kwa mstari muda uleule mawimbi yanapoingia kwenye waya, haina cha kufikiria, haina kompyuta ndani. Flati inapokea picha, inaishika, inaikuza ijae kioo, inapunguza chengachenga, inaongeza rangi, nyingine inatengeneza mpaka picha za kati za uongo ili mwendo uonekane laini, ndipo inakuonyesha. Kwa TV za bei nafuu huo mchakato unaweza kufika milisekunde 100 au kupita. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde kama 17, maana yake wewe unacheza mpira wa picha sita zilizopita. Mtazamaji hawezi kuligundua ata akikaa siku nzima. Mchezaji analigundua pasi ya kwanza, ingawa hajui aliiteje, anasema tu "gemu nzito".

Na PS4 mbili zote zilikuwa kwenye flati za namna hiyo, rangi zimepandishwa mpaka mwisho kama zilivyokuwa dukani, na ule ulaini wa picha umewashwa. Yani jamaa alitaka gemu zake zionekane kali zaidi, akaziongezea uzito kwa mkono wake. Nikaingia kwenye setingi za TV, kwenye mambo ya picha, nikaweka modi inayoitwa Game, ambayo inazima karibu urembo wote. Rangi ikapoa kidogo. Jamaa akasema umeniharibia TV. Nikamwambia subiri jioni waje.

Jioni wakaja, na malalamiko ya kuchelewa yakapungua sana, hasa kwenye Mortal Kombat 11, ambayo yenyewe ata kwenye PS4 inakwenda picha 60 kwa sekunde kwenye mapigano. Hapo kambi ya wanachuo wakapiga meza wakasema si mnaona, gemu haikuwa na kosa. Sawa. Lakini Red Dead ilibaki nzito na mpira mpya ulibaki na wateja wachache, na hii sasa siyo habari ya TV.

Red Dead Redemption 2 kwenye PS4 inakwenda picha 30 kwa sekunde. Hiyo peke yake inaongeza uzito, alafu waliotengeneza wameamua kwamba Arthur, mhusika unayemchezesha, ni binadamu mwenye mwili, akigeuka anageuka na mabega, akiokota kitu anainama, akichuna mnyama unaona kazi yote. Ni uamuzi, na mtu aliyekaa nao usiku kucha nyumbani atakuambia ndiyo raha yenyewe. Sasa mlete mteja wa Chang'ombe mwenye jero na robo saa. Mwanzo wa ile gemu ni msafara kwenye theluji, usiku, farasi wanazama, watu wanaongea taratibu, na sura yote ya kwanza inapita humohumo kwenye milima ya theluji kabla dunia haijafunguka. Kijana analipa jero anaona theluji. Kesho anarudi, mwingine ameshaanzisha upya, anaona theluji tena. God of War vilevile, robo saa ya kwanza baba anakata mti wa kuchoma maiti ya mke wake na kupiga kasia mtumbwi na mtoto, ni mwanzo mzito na mzuri mno, kamera haikatwi ata mara moja, ila dogo alilipia shoka.

Linganisha na GTA San Andreas kwenye PS2. Muda si mrefu uko juu ya baiskeli unafukuzwa, na madogo wa pale wana kodi zake za siri za kubonyeza kwenye daftari la shule, anaingiza anapata kifaru, anavuruga mji dakika kumi, anatoka amefurahi, anampisha mwenzie. Ile gemu inaingia kwenye jero bila kukunjwa.

Hapa naomba niwapinge wakongwe kidogo kwa sababu walikuwa wanachekelea. San Andreas mnayoiita gemu ya kawaida, ya 2004, haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na miji mitatu mizima na mashamba katikati, ilikuwa na redio zenye nyimbo za kulipia leseni, yule polisi Tenpenny sauti yake ni Samuel L. Jackson. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya hela nyingi ya wakati ule. PES nayo, kwenye ile miaka, watu walikuwa wanashangaa jinsi mchezaji anavyosukumwa bega na kuyumba. Leo mnaona vinyago kwa sababu macho yamehama, ila ule mfupa wa ndani haujazeeka. Kwaiyo hoja ya kwamba hela inaharibu gemu haisimami, maana mnachokitetea nacho kilitengenezwa kwa hela.

Ninachokiona mimi ni kwamba kuna urembo unaomfikia mchezaji mkononi na kuna urembo unaomfikia mtazamaji machoni, na bajeti ni moja. Ule wa kuyumba kwa bega kwenye PES ulikuwa unakupa taarifa: huyu amepoteza balansi, mkabe sasa. Sauti ya nyayo kwenye gemu ya kuviziana inakupa taarifa pia, kuna mtu nyuma ya ukuta. Hapo uzalishaji wa hali ya juu unakufanya ucheze vizuri zaidi. Lakini mwendo mrefu wa kugeuka ambao huwezi kuukatisha mpaka uishe, marudio ya goli kwa kamera tano, wachezaji kutoka kwenye korido wakikunja sokisi, hivyo vimetengenezwa ili ionekane kama mpira wa kwenye televisheni. Na mteja wa kibandani anavilipia kwa muda. Jamaa alikuwa anahesabu mechi, mechi moja ya kwenye PS4 inakula muda mrefu zaidi ya ile ya PS2 ingawa saa ya uwanjani wameiweka sawasawa, kwa sababu ya kulodi kwenye diski ya kizamani, menyu ndefu, sherehe, marudio, na kuna madogo wana roho mbaya, akifunga goli anakataa kubonyeza kuruka ili mwenzie aone mara tatu. Bei mara mbili na nusu, mechi chache kwa saa. Ukifanya hesabu yake vizuri ile PS4 haikuwa inamzidi PS2 kwa kiasi alichodhani, na ukiweka umeme ndiyo kabisa, PS4 ya toleo la kwanza kwenye gemu nzito inakula kama wati 140 wakati PS2 nyembamba haifiki 50.

Umeme wenyewe ukikatika ni hadithi nyingine. PS2 ukirudi unawasha unaendelea na maisha. PS4 inakulaumu kwamba haikuzimwa vizuri alafu inaanza kukagua hifadhi yake, wateja wamekaa wanaangalia mstari unajaa, wawili wanaondoka kununua ubuyu hawarudi.

Sasa nisiwe mtu wa kusifia chogo tu, kwa sababu kuna sehemu moja ya kisa hiki inayokwenda kinyume na hayo yote na ndiyo iliyonifanya nisikubaliane na wakongwe moja kwa moja. Kulikuwa na mabinti wawili wa chuo, wamepanga nyumba ya jirani, walikuwa wanakuja asubuhi ya katikati ya wiki wakati kibanda kiko tupu. Wanalipa saa mbili, wakati mwingine tatu, wanacheza God of War kwa kupokezana pedi, mmoja anapigana mwingine anasoma ramani na kusema rudi pale kuna sanduku. Wakaomba hedifoni. Jamaa akawapatia za simu zenye waya, unachomeka kwenye pedi ya PS4. Hawakuwahi kulalamika kuhusu uzito. Walikuwa wanaongelea uso wa yule mtoto Atreus alivyobadilika baada ya kusemewa neno na baba yake, wanalinganisha na baba za watu, nikawa nasikiliza huku nafungua pedi nasahau skrubu imeenda wapi. Ule uso bila mwigizaji wa kweli na bila watu waliokaa miaka wanauchonga usingekuwepo. Kwao ile hela ilikuwa ndani ya gemu yenyewe, haikuwa mapambo juu yake.

Kwaiyo gemu ileile, mashine ileile, kibanda kilekile, saa nne asubuhi ni gemu nzuri na saa kumi na mbili jioni ni mzigo. Nadhani hapo ndipo watu wengi wanapoteana, wanauliza gemu hii ni nzuri au mbaya wakati hawajasema inachezwa na nani, kwa muda gani, nani anasubiri nyuma yake.

Nje ya Chang'ombe huko mambo haya yametokea kwa hela kubwa zaidi na kwa aibu kubwa zaidi. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitangazwa 2012, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020, ina mwigizaji Keanu Reeves ndani, matangazo yake yalikuwa yanatisha kwa uzuri. Kwenye PS4 ilikuwa inakwama na kujizima, na tarehe 18 mwezi huohuo Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudishia watu hela. Ilirudi dukani Juni 2021. Miaka iliyofuata waliirekebisha mpaka leo ni gemu inayoheshimiwa, ila yale marekebisho makubwa ya 2.0 ya Septemba 2023 yalikwenda kwenye mashine mpya na kompyuta, PS4 ikaachwa. Miji na nyuso zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kitu kukuitika unapokibonyeza.

Konami nao, hawahawa wa PES yetu, Septemba 30 mwaka 2021 walitoa eFootball 2022 kwenye injini mpya, nyuso za wachezaji zimepinda, wachezaji wanateleza, ikawa miongoni mwa gemu zilizopondwa kuliko zote pale Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na wakaomba radhi hadharani. Kwa hiyo ata mtengenezaji mwenye mfupa mzuri anaweza kuuvunja akihangaika na ngozi. Concord, gemu ya Sony ya kupigana risasi mtandaoni, ndiyo aibu kali kuliko zote, miaka mingi ya kutengeneza, video za kupendeza, ikatoka tarehe 23 Agosti 2024, tarehe 6 Septemba imezimwa, hela zimerudishwa.

Upande wa pili kuna Vampire Survivors. Mtu mmoja, Luca Galante, aliianza karibu peke yake, vipicha vidogo vya mraba mraba, unasogea tu na silaha zinajipiga zenyewe, mwanzoni ilikuwa inauzwa kama dola 3. Machi 2023 ikachukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA, taasisi ya filamu, televisheni na gemu kule Uingereza, mbele ya Elden Ring na God of War Ragnarök. Nilipowaambia wanachuo hili hawakuamini mpaka walipotafuta kwenye simu. Tuzo siyo mwisho wa ubishi, mi mwenyewe nadhani Ragnarök ni kazi kubwa zaidi, ila inaonyesha watu wazima wenye akili zao walikaa wakapima wakaona vipicha vya mraba vimewafurahisha zaidi.

Mtu anaweza kuuliza basi kwanini makampuni yanaendelea kumwaga hela kwenye kuonekana. Kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoweza kuwekwa kwenye video ya tangazo. Huwezi kumuonyesha mtu kwenye simu yake jinsi kitufe kinavyoitika. Unamuonyesha nywele zinapepea. Na jamaa wa Chang'ombe alifanya hivyohivyo kwa bango lake na picha ya Kratos, na ukweli usemwe, bango lilifanya kazi, lile lundo la mwanzo lilikuja kwa ajili ya bango. Grafiksi zinamleta mtu mlangoni. Kumkalisha mpaka atoe jero ya pili ni kazi ya vitu vingine.

Alichofanya jamaa baada ya hayo yote ni hiki. PS2 hakuuza tena, alinunua ya tatu iliyochoka nikaifufua. Kwenye PS4 moja alitoa ule mpira mpya akaweka PES 2021, ambayo wakongwe waliinusa nusa kwanza alafu wakaizoea kwa sababu pasi zake zinafanana na zile wanazozijua, na huyo bingwa wa boda sasa anacheza zote mbili ingawa kwenye flati bado anatafuta visingizio. Mortal Kombat ikabaki hapohapo kama gemu ya jioni, inaisha haraka, mtazamaji anafurahi, mchezaji anaitikiwa, ni ile gemu moja ambayo hela ya urembo na mkono wa mchezaji havikugombana. PS4 ya pili aliisogeza kona, akaweka pazia na hedifoni, analipisha kwa saa tu, na kila mteja ana jina lake la kuhifadhi safari yake ili asirudi kwenye theluji kila siku. Hiyo ya kuhifadhi ilikuwa ya mabinti wale, ni wao walimwambia. Mchana inaingiza, jioni inalala, na hilo ameridhika nalo.

Kipato kimepanda? Kimepanda kidogo, siyo kama alivyoota. Kodi ya fremu nayo imepanda.

Tunachobishana saa hizi ni kingine. Anataka PS5. Mi namwambia ukiangalia hivi viti vyako nane, pedi tano zina stiki iliyolegea, mchezaji anakimbia kushoto hajaguswa, na mbili ni feki ambazo kitufe cha kupiga lazima ukibonyeze kama unasukuma ukuta. Hela ya PS5 moja inanunua pedi orijino za kibanda kizima na inabaki, na kila mtu atakayekaa pale ataisikia tofauti mechi ya kwanza. Akanijibu kwamba pedi haziwezi kupigwa picha zikawekwa kwenye bango. Tumekubaliana aanze na pedi mbili za ile PS4 ya mbele, mwisho wa mwezi, na bango jipya ameshalipia nusu.